Bawa la kushoto likishuka

Jioni ya Januari 10, 2000, saa kumi na mbili kasoro kwa saa za Uswisi, ndege aina ya Saab 340 ya shirika la Crossair iliruka kutoka Zürich kwenda Dresden. Ndani walikuwemo watu kumi: abiria saba, marubani wawili na mhudumu mmoja. Giza lilikuwa limeshaingia na mawingu yalikuwa chini. Otopailoti, mtambo unaoirusha ndege badala ya rubani, haikuwashwa. Njia waliyopangiwa iliwataka wakate kushoto.

Ndege ikalala kulia.

Mwongoza ndege aliyekuwa akiwafuatilia aliuliza kama wanakata kushoto. Akaambiwa asubiri kidogo. Ndege ikazidi kulala upande uleule, pua ikashuka, ikajisokota hadi ikapiga shamba karibu na kijiji cha Niederhasli. Tangu magurudumu yaache lami zilikuwa zimepita dakika mbili na ushei. Hakupona mtu.

Kapteni alikuwa mtu wa Moldova, iliyokuwa jamhuri ya Kisovieti, ameajiriwa ugenini. Alikuwa na zaidi ya saa 8,000 angani, karibu 1,900 kati ya hizo kwenye Saab hiyohiyo. Wachunguzi hawakupata hitilafu ya ndege ambayo ingeweza kueleza yaliyotokea.

Ni wiki kadhaa sasa ajali hii imenikaa rohoni, na si kwa sababu ya Uswisi. Marubani waliolelewa na urubani wa Kisovieti ndio waliobeba mizigo yetu kwa miaka mingi: Antonov za Goma, Bunia na Bukavu, Ilyushin zilizokuja Mwanza kuchukua minofu ya sangara, helikopta za Mi-8 za Umoja wa Mataifa. Zikianguka, tunasema ni makuukuu ya Kirusi, basi, mjadala umefungwa. Mimi siamini tena kwamba umefungwa.

## Geji mbili

Rubani asipoona nje, geji ya upeo ndiyo inayomwambia ndege imekaaje. Kwenye ndege za Magharibi alama ya ndege iliyo katikati ya kioo haisogei. Kinachosogea ni mstari wa upeo ulio nyuma yake, buluu juu, kahawia chini. Ndege ikilala kushoto, mstari unapanda upande wa kushoto na kushuka upande wa kulia, sawasawa na ambavyo upeo wenyewe ungeonekana kupitia kioo cha mbele.

Kwenye geji za Kisovieti, mfano AGB-3 iliyomo kwenye Mi-8, ni kinyume. Mstari wa upeo haulali. Kialama cha ndege ndicho kinacholala. Bawa la kushoto la ndege likishuka, na bawa la kushoto la kialama linashuka. Ni picha anayoiona mtu aliyesimama nyuma ya ndege akiitazama inavyokwenda zake.

Sasa mchukue rubani aliyejifunza kwa geji hiyo ya pili, umkalishe mbele ya ile ya kwanza, usiku, ndani ya wingu. Ndege imelala kushoto. Mbele yake kuna mstari ulioshuka kulia. Siku ya kawaida atausoma vizuri, maana amefunzwa na amefaulu mtihani. Lakini siku amechoka au ameshtuka, jicho linarudi kwenye somo la kwanza: kilichoshuka ni bawa, na limeshuka la kulia. Mikono inapeleka usukani kushoto. Ndege inalala kushoto zaidi, mstari unashuka kulia zaidi, naye anazidi kusukuma.

Kila anachofanya kinathibitisha kosa lake.

Mtu asiyewahi kurusha ndege, ukimpa aina zote mbili, mara nyingi ile ya Kisovieti huielewa upesi zaidi. Waliobuni hawakuwa wajinga. Hatari haimo ndani ya geji hii wala ile. Imo kwenye kuhama.

Septemba 14, 2008, Boeing 737-500 iliyotoka Moscow ilikuwa inajiandaa kutua Perm, usiku, ndani ya mawingu, otopailoti imezimwa. Injini zake mbili hazikulingana nguvu, kwa hiyo mikono ya gesi ilipaswa kuwekwa mmoja mbele ya mwenzake ili ndege isivutwe upande mmoja. Rubani msaidizi akaona yamemzidi, akamwachia kapteni. Ndege ilikuwa imelala kushoto. Usukani ukapelekwa kushoto. Watu 88 walikufa. Uzoefu wa awali wa marubani hao ulikuwa wa ndege za Kisovieti, Tu-134 na An-2, na ripoti ya uchunguzi ililitaja waziwazi suala la aina ya geji.

## Mbele wanakaa watano

Geji peke yake hainitoshi, hata hivyo. Ukitaka kujua nini hasa kinapotea rubani anapohama, ingia mbele ya An-26, ndege ya mizigo iliyobuniwa Kyiv na kuruka kwa mara ya kwanza mwaka 1969. Rangi ya ndani ni ile ya kijani-buluu ambayo ukiiona mara moja huisahau. Viti ni vitano: kapteni, rubani msaidizi, navigeta anayeshika njia na muda, injinia wa ndege anayechunga injini, na mtu wa redio anayeongea na dunia ya nje.

Kapteni hagusi kila kitu. Nguvu ya injini hutajwa kwa digrii za mkono wa gesi: anataja namba, injinia anaweka, kisha anairudia namba kwa sauti. Navigeta anataja kimo na kasi bila kuombwa. Kazi moja inapita kwenye midomo miwili na masikio mawili kabla haijawa tendo.

Hili linaonekana vizuri zaidi wakati wa kutua. Mapangaboi ya An-26 yana kizuizi kinachozuia mabapa yake yasilale bapa kabisa ndege ikiwa hewani. Magurudumu yakishika lami, kapteni anaagiza kizuizi kiondolewe, injinia anakiondoa, na mabapa yanageuka ukuta unaoisimamisha ndege. Breki hiyo ni kali kuliko ya magurudumu, na ndiyo inayoiwezesha ndege ya tani 24 kutumia viwanja vya vumbi. Lakini amri hiyo ikitekelezwa mapema, ndege ikiwa bado mita chache juu ya ardhi, ukuta uleule unaing'oa kasi yote papo hapo, nayo inadondoka. Ndiyo sababu anayeagiza siye anayetenda. Vichwa viwili lazima vikubaliane kwamba wameshatua.

Rubani wa namna hii anapata mkataba ughaibuni, anapewa kozi ya wiki kadhaa, anaingia kwenye Saab na kukuta viti viwili.

Navigeta sasa ni kompyuta ya kubonyeza. Injinia ni taa za onyo. Mtu wa redio ni yeye mwenyewe, kwa Kiingereza. Aliyekuwa amezoea kusikia makosa yake yakitamkwa na mwenzake kabla hayajakomaa, sasa anasikia injini tu.

## Mtu wa redio asiye na geji

Nisije nikaonekana nausifia mfumo wa watu watano kupita kiasi, kuna ajali ya Charkhi Dadri, India.

Novemba 12, 1996, Il-76, ndege kubwa ya Ilyushin, ya Kazakhstan ilikuwa inashuka kuelekea Delhi. Boeing 747 ya Saudia ilikuwa inapanda kutoka Delhi kwenda Dhahran, imejaa watu, wengi wao Wahindi wanaokwenda kutafuta riziki Ghuba. Zote mbili zilikuwa kwenye njia moja. Il-76 iliambiwa ibaki futi 15,000. Boeing iliambiwa ibaki futi 14,000. Kati yao palikuwa na futi elfu moja, mita 305.

Kwenye Il-76 anayesikiliza mnara wa kuongozea ndege ni mtu wa redio. Kiingereza ni chake. Kimo alichoagizwa anakijua yeye. Lakini kwenye meza yake hakuna geji ya kimo. Ili ajue ndege iko wapi, hana budi kunyoosha shingo asome geji za marubani. Wanaoshika usukani wanaziona geji ila wanategemea yeye awaambie kilichosemwa. Yeye anajua kilichosemwa ila hazioni geji.

Il-76 ilipita chini ya futi 15,000 na kuendelea kushuka. Mtu wa redio aligundua mwishoni na kuwahimiza wapande. Ndege ikaanza kupanda, na katika kupanda huko ikakutana na Boeing. Walikufa watu 349, na hadi leo hakuna ajali ya kugongana angani iliyoua wengi kuliko hiyo.

Nyumbani kwao mfumo huu ulikuwa hauna kidonda: mnara unaongea Kirusi, kila mtu ndani anasikia na kuelewa, kimo ni cha mita, kasi ni kilomita kwa saa, kushuka ni mita kwa sekunde. Ukivuka mpaka, wengi kati ya hao watano wanakuwa viziwi wa nusu. Maagizo ni ya futi. Kwa hiyo wafanyakazi hubeba jedwali: futi 15,000 ni mita 4,570, futi 14,000 ni mita 4,270. Mita moja kwa sekunde ni karibu futi 200 kwa dakika. Jedwali hilo hubandikwa pembeni ya geji au hushikwa mapajani, na mtu anaruka nalo miaka kumi.

Hata Urusi yenyewe iliachana na mita kwa ndege zinazoruka juu mwaka 2011.

## Goma

Sasa tuje kwetu, mahali ambapo mpakiaji anahesabu magunia kwa Kiswahili, mnara unaongea Kifaransa na Kiingereza, na injinia wa ndege anaagiza kwa Kirusi.

Uwanja wa Goma uko mita 1,550 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwenye joto la digrii 25 hewa ya pale ni nyepesi kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na hewa ya pwani siku ya baridi. Mabawa yanabeba kidogo, pangaboi linashika kidogo, injini inapumua kidogo, na vyote vitatu vinapungua kwa pamoja. Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilifukia kipande kikubwa cha njia ya kurukia upande wa kaskazini, na kwa miaka mingi marubani waliruka na kutua kwenye kilichobaki. Kusini kuna mji, halafu ziwa.

Waliounda An-26 walilifikiria tatizo hili. Nyuma ya injini ya kulia wameficha injini ndogo ya jeti, RU-19. Watu huiona kama mashine ya kuwashia injini kubwa tu, na kweli inawasha. Lakini inasukuma pia, karibu kilo 800 za msukumo, na msukumo huo umewekwa kwa ajili ya dakika zilezile za kupaa ambapo injini kubwa moja inaweza kufa. Ukiwa Goma na mzigo kamili wa tani 5.5, RU-19 ndiyo bima yako.

Hapo ndipo mambo huharibika, na huharibika kwa utaratibu. RU-19 inakunywa mafuta, na mafuta Goma ni ghali. Inazeeka, vipuri viko mbali. Siku moja inakataa kuwaka, injini kubwa zinawashwa kwa umeme wa nje, na safari inaendelea. Sheria ya uzito inasema ukikosa RU-19 lazima upunguze mzigo. Mwenye mzigo ameshalipa. Ndege inapaa salama, kwa sababu siku hiyo injini zote mbili zilikuwa nzima, na kesho yake inapaa tena. Baada ya miezi michache hakuna anayekumbuka kwamba wanaruka bila bima.

Geji ya kimo, inayopima kimo kwa shinikizo la hewa, nayo ina mtego wake. Desturi ya Kisovieti ni kuiweka isome sifuri magurudumu yakiwa uwanjani, na shinikizo huwekwa kwa milimita za zebaki: hektopaskali 1013 ni milimita 760, kwa hiyo unazidisha kwa 0.75. Shinikizo la uwanjani Goma ni karibu hektopaskali 845, yaani milimita 634. Geji nyingi za zamani hazifiki huko chini. Basi kapteni anaruka kwa shinikizo la usawa wa bahari, geji ikisoma 1,550 lami ikiwa chini ya magurudumu, na mtu ambaye maisha yake yote ardhi ilikuwa sifuri anatakiwa akumbuke, usiku, kwamba leo ardhi ina namba.

Na kabla hatujasema ni Urusi tu: ndege iliyotoka njiani na kuingia mtaani Goma Aprili 15, 2008 ilikuwa DC-9 ya Marekani. Iliyoangukia nyumba za watu Novemba 24, 2019 ilikuwa Dornier ya Ujerumani. Lami ileile, hewa ileile.

## Mashine zenyewe

Nazipenda ndege hizi, na sioni sababu ya kulificha hilo. Il-76 ina magurudumu ishirini, na shinikizo la matairi linaweza kubadilishwa ndege ikiwa angani, laini kwa udongo, gumu kwa lami. Mlango wa nyuma wa An-26 hauteremki tu. Unaweza pia kuteleza chini ya tumbo la ndege ili lori lirudi nyuma hadi sakafuni na kushusha bila ngazi. Kila bapa la rota ya Mi-8 lina mhimili wa ndani uliojazwa hewa. Ufa ukianza, hata usioonekana kwa macho, hewa inavuja na kwenye shina la bapa kinachomoza kifuniko chekundu. Fundi anayezunguka helikopta asubuhi na tochi anatafuta wekundu huo kwenye mabapa yote matano. Akiuona, hakuna kuruka.

Lakini uzima wa ndege hizi uko kwenye karatasi vilevile. Ndege ya Kisovieti ina ukomo wa namna tatu: saa za kuruka, idadi ya kutua, na miaka. Ukomo mmoja ukifika, ndege inasimama hata kama mingine miwili ina nafasi, mpaka waliobuni waikague na kuongeza muda. Kongo ndege moja inaweza kutua mara tano kwa siku, kwa hiyo ukomo wa kutua unawahi kufika wakati saa bado nyingi. Kukagua ni gharama. Muhuri ni rahisi kuupata kwa njia nyingine. Tangu 2022 hali imekuwa mbaya zaidi, kwa sababu An-26 mama yake ni Kyiv na injini za Antonov na Mi-8 nyingi zilitoka Zaporizhzhia, zote Ukraine, wakati Il na Mi zinawajibika Urusi. Familia moja ya ndege imegawanyika katikati ya vita.

## Shaka yangu

Nilipoanza kuandika nilikuwa tayari kusema geji ndiyo iliyoua Niederhasli. Leo siko tayari.

Kwenye vitu vya kapteni yule ilikutwa pakiti ya phenazepam, dawa ya kutuliza, yenye maandishi ya Kirusi, na chembechembe zake zilikutwa mwilini mwake. Kwenye ajali ya Perm wachunguzi walitaja uchovu na pombe. Mtu anaweza kusema basi, geji haina hatia. Naona kinyume. Dawa, uchovu na pombe ndivyo vinavyovua mafunzo ya juu na kuacha ya chini. Anayerudi kwenye somo la kwanza anarudi kwa sababu fulani, lakini anakorudi kuliandaliwa miaka ishirini kabla.

Kinachonisumbua zaidi ni rubani msaidizi wa Saab. Rekodi zinaonyesha alitamka kwamba wanapaswa kwenda kushoto. Aliona. Alisema. Hakushika usukani. Kwenye ndege ya watu watano, kwa wengi wao kusema ndiyo kazi kubwa. Wenye mikono ni wengine. Kwenye ndege ya watu wawili kusema hakutoshi, na hakuna kozi ya kubadilisha aina ya ndege inayofundisha hilo kwa siku moja.

## Sasa geji inageuka upande wa pili

Wale wa umri wa Kisovieti wanastaafu. Vyuo havitoi tena mtu wa redio, na navigeta ni wa kutafuta kwa tochi. Kiti cha kulia cha Antonov kinazidi kukaliwa na kijana wa huku, aliyejifunza kwenye Cessna, geji ya Magharibi, futi na noti (maili za baharini kwa saa). Kosa lilelile linamngoja, limegeuzwa: ataona kialama kimelala na kudhani ni upeo.

Anachohitaji kinajulikana, na si ghali. Akiwa angani, mchana, kimo cha kutosha, afumbe macho, mkufunzi ailaze ndege, kisha afumbue na aseme kwa sauti, "bawa la kushoto liko chini" au "la kulia liko chini", kabla mkono haujagusa usukani. Kusema kwanza, kushika baadaye. Halafu athibitishe kwa sindano ya mgeuko, kwa kuwa hiyo inaegemea upande ndege inakogeukia katika mifumo yote miwili; geji na sindano zikipingana, huenda yeye hajaisoma geji sawasawa. Pua ikiwa chini: punguza gesi, nyoosha mabawa, ndipo uvute. Ukivuta kabla ya kunyoosha, unakaza mzunguko. Zoezi lirudiwe usiku, lirudiwe akiwa amechoka baada ya safari nne, na lirudiwe kila baada ya miezi sita, maana somo la kwanza halifutiki kwa mtihani mmoja.

Na mkufunzi amfundishe sentensi moja kwa lugha ambayo kapteni wake anaielewa hata akiwa usingizini, Kirusi kama ni Kirusi: "Nashika mimi." Kisha amfundishe kushika kweli.